Somo la Figo

Chuoni walimwita Kwa Niaba. Mwalimu akiita jina langu, mume wangu anasimama, mwanamume mzima na sementi kwenye kucha, anajibu, "Yupo, kwa niaba!" Darasa zima hoi kwa kicheko. Naye anakaa zake, anaweka simu juu ya dawati, anabonyeza kurekodi.

Chuo chenyewe msije mkadhani majengo. Vyumba vitatu tu juu ya karakana ya samani. Msumeno wa umeme ukianza kunguruma huko chini, mwalimu ananyamaza na chaki mkononi mpaka uishe. Wanaosoma pale ni watu wazima walioachia shule njiani, wana kazi zao na watoto wao, na sasa wanatayarishwa kwa mtihani wa kuingia chuo kikuu. Yupo mpishi wa shule, mlinzi wa benki, kinyozi, na dereva wa gari la maji taka ambaye hukaa dirishani kwa hiari yake mwenyewe.

Mimi ni dobi wa hospitali. Miaka yote nimefua na kupiga pasi mashuka ya wagonjwa bila kuwaona wagonjwa wenyewe. Na shuka linasema, jamani. Huyu alitokwa jasho usiku kucha, huyu alijifungua, huyu hakuamka. Nikachoka kukaa upande huu wa shuka. Nikataka kusomea uuguzi, basi, nikajiandikisha.

Kumbe masomo ni jioni, na zamu yangu ni jioni. Msimamizi wangu hakutaka hata kunisikiliza. Nikarudi nyumbani nimenuna, nikatangaza kwamba nimeacha. Mume wangu alikuwa anakula. Akasema bila kuinua kichwa, "Mimi jioni nina kazi gani? Nitakwenda kukukalia."

"Kunikalia nini?"

"Kiti."

Mkuu wa chuo akakubali, maana mtu wa zamu aliruhusiwa kuleta ndugu wa kumrekodia. Tangu hapo mume wangu akishuka kwenye ujenzi, ambako alikuwa saidia fundi, kubeba zege kutwa, ananawa uso na kwenda darasani. Somo likiisha ananitumia kwenye simu. Kesho yake napiga mashuka pasi huku namsikiliza. Mwalimu anasikika kwa mbali, yeye yuko sikioni kwangu: "Mama watoto, hapa amechora kitu kama jembe. Usiniulize." Au anapaza sauti, "Mwalimu, rudia hapo. Mke wangu atanisumbua huyo!" Wenzangu wa pasi walikuwa wananiona nacheka peke yangu, wakasema masomo yamenipanda kichwani.

Somo la mwisho la baiolojia kabla ya mtihani lilikuwa la figo. Alinitumia kama kawaida. Asubuhi, akifunga kamba za viatu, akaniambia, "Somo la jana tamu, mama watoto. Nimelichukua lote."

Akaenda kazini. Akapanda na ndoo ya zege, na huko juu moyo ukasimama. Wenzake ndio waliomshusha, wakamkimbiza hospitali kwetu.

Nilipofika hospitali walikuwa wameshamfunika. Nikalitazama lile shuka. Mikunjo yangu naijua, hakuna mwingine pale anayekunja vile. Nilikuwa nimelipiga pasi mwenyewe, bila hili wala lile, huenda jana yake tu nikimsikiliza yeye. Nililia mpaka sauti ikakauka.

Mwalimu wa baiolojia alikuja msibani. Akaniambia kwa upole, "Lile somo la mwisho, dada, nitakuja nikurudie."

"La nini?" nikamjibu, tena kwa ukali. "Ninalo. Mume wangu alinichukulia."

Akatazama viatu vyake, akaaga.

Nikajikaza kisabuni, nikasoma. Masomo yote ya nyuma niliyasikiliza upya. Siku moja mama mkwe akanikuta jikoni, akasimama mlangoni. "Nani huyo anaongea?" Nikampa simu. Akaiweka sikioni, akasikiliza jinsi mbegu inavyoota mpaka mwisho, mwanawe akidakia humo katikati. Akanirudishia. "Anaongea vizuri," akasema, akaenda kulala mchana huo bila kula.

Lakini la figo sikulifungua. Lilikaa pale kwenye simu, jipya, halijaguswa. Nikifika kwenye figo hata kitabuni nageuza kurasa. Nilijua nikilisikiliza tu, basi, yamekwisha, hatakuwa tena na neno ambalo hajaniambia. Niliogopa. Niliogopa kuliko mtihani.

Na mtihani ukaja. Nilikwenda vizuri, sitaki kutia chumvi, mkono ulikuwa unakimbia wenyewe. Nikafungua ukurasa wa mwisho, swali kubwa kuliko yote: eleza jinsi figo zinavyosafisha damu. Nikaweka kalamu chini. Nikakaa hivyo hivyo mpaka wakaja kukusanya karatasi.

Nilianguka, kwa alama chache tu. Kurudia ni mpaka mwaka kesho.

Wifi yangu, ambaye kwa kawaida sisi ni kutaniana kutwa, alipojua sababu hakutania. "Wewe wifi una wazimu?" akanifokea. "Kaka yangu ametoka kubeba zege, akaenda kukaa kwenye benchi la watu kwa ajili yako, halafu unamfungia kwenye simu? Kwani alikwenda kule kustarehe?" Akaanza kulia, nami nikalia, tukawa wawili tu tunalia kama watoto.

Siku yangu ya mapumziko watoto walitoka. Nikakaa kitandani, upande wake, nikabonyeza.

"Mama watoto," akasema. "Leo figo. Kaa vizuri."

Mwalimu akaanza. Dawati likalia kidogo, kama mtu aliyeegemea. Halafu nikausikia. Kwanza taratibu, halafu kwa nguvu zote. Mkoromo! Mkoromo wa mume wangu, ule ule, unaopanda, unakata, unarudi na filimbi. Darasa likaangua kicheko. Mpishi akasema, "Kwa Niaba amesafiri huyo!"

"Shh," mwalimu akasema. "Mwacheni. Amebeba zege tangu asubuhi." Na akashusha sauti. Yarabi, mtu yule akafundisha somo zima kwa kunong'ona ili asimwamshe. Nilichokuwa napata ni neno moja moja, damu, mishipa, maji, na mkoromo juu yake. Mwisho viti vikakwaruza, mume wangu akashtuka, akatamka kwa sauti ya mtu mwenye haki zake, "Nimelichukua lote, mwalimu!"

Wakacheka tena. Rekodi ikazima.

Alikuwa amechoka mume wangu. Alikuwa amechoka sana, na alinidanganya asubuhi ile akifunga viatu.

Ningeweza kumpigia mwalimu siku ile ile, na angekuja. Sikumpigia. Nilitafuta kalamu, nikarudisha mwanzo, nikaongeza sauti mpaka mwisho, nikabana simu sikioni. Damu inaingia huku, mwalimu ananong'ona, inatokea huku, na katikati mkoromo umeshika kasi, ule ambao kwa miaka yote ya ndoa yetu niliupiga kiwiko. Mkono ukaenda wenyewe kwenye godoro, pale ubavu wake ulipokuwa.

"Geuka kidogo, baba watoto," nikamwambia. "Nisikie somo."