Timu ya Kengeja Kwenye Chumba cha Damu

Hafidh alinipigia simu Jumatano. Mkewe, Rahma, kalazwa hospitali ya Chake Chake. Uvimbe wa kizazi umemmaliza damu, na daktari hampasui mpaka wapatikane watu wanne wa kumtolea.

"Mmoja ni mie. Wengine n'tawapata wapi, Samiha? Nduguze wote wako Maskati."

"Tupo sisi," nikamwambia.

Sisi ni timu ya netiboli ya skuli ya Kengeja, mwaka tisini na nne, na Rahma ndiye aliyekuwa kapteni. Tulicheza peku, kwa sketi za buluu alizotushonea mamake, na kila Ijumaa alitukimbiza uwanjani mpaka tukamchukia. Siku zile! Hakuna aliyejua presha ni kitu gani.

Namba zao ninazo, kwa kualikana harusini. Ummi alikubali kabla sijamaliza kumsalimia. Abeer naye akakubali. Wengine wawili walikuwa na sukari, wakaahidi kuleta uji.

Na mie tukatimia wanne, ila nilitaka na wa akiba. Akabaki Jawaher, mfungaji wetu. Babake alimwozesha kijiji cha mbali, Wingwi, wiki moja kabla ya fainali. Tukafungwa, na Rahma akaapa kuwa hatamsemesha tena. Kweli hawakusemezana.

Nilipomweleza, akaniuliza: "Ana watoto?"

"Watano."

"Nnakuja."

Alhamisi asubuhi nesi alitupima kwanza. Mie akanikataa, damu yangu ndogo. Nikakaa kwenye benchi na mikoba ya wenzangu mapajani, haya zimenijaa. Jawaher, mtu mzima sasa, alikunja mkono wa buibui akajilaza bila neno. Jawaher akiwa bado kitandani, Ummi akauliza kama kiwanja chetu bado kipo. "Kimejengwa madarasa," Abeer akamjibu.

Rahma alipasuliwa siku ya pili, na alhamdulillahi akaamka salama. Nikamtajia waliomtolea damu.

"Jawaher? Yuko wapi?"

"Karudi Wingwi. Hakutaka kukusumbua."

Machozi yakamtoka. "Mpigie."

Nikampigia, nikamwekea simu sikioni.

"Jawaher," akasema kwa taabu, "siku ya fainali nilisimama mie mahali pako. Nilikosa mipira yote. Sikukubali hata siku moja kuwa tulifungwa kwa sababu yangu."

Nilimsikia Jawaher akicheka. Halafu wakaanza kuulizana habari za watoto.