Mlima Ulipoitika

Zamani, kabla ya injini, hakuna aliyeingia mlimani bila kubisha. Mpiga hodi aligonga mwamba kwa nyundo ndogo ya shaba, akaita, "Hodi humu ndani," kisha watu wote wakanyamaza. Mlima ukiridhia uligonga mara moja, pigo zito lililopanda kutoka kwenye nyayo hadi kwenye meno, na mwamba ukaachia wenyewe, chuma kikaokotwa kwa mikono. Ukinyamaza, watu walirudi makwao, wala hakuna aliyenung'unika.

Halafu ikaja injini ya mvuke. Ilifungwa mdomoni mwa mgodi, ikala kuni kutwa kucha, na moshi wake ukafanya nguo zilizoanikwa zirudi ndani chafu kuliko zilivyotoka. Kwa kelele zile hata aliyekuita sikioni hukumsikia, sembuse mlima. Nyapara akaona mambo yamekuwa mepesi: king'ora kikilia, ingieni. Mwamba ukagoma kuachia. Wakaupasua kwa baruti. Mpiga hodi wa mwisho, mwanamke aliyerithi nyundo kwa baba yake, akapewa ufagio na chumba cha kubadilishia nguo.

Mdogo wake wa kiume ndiye aliyeshika keekee ya mvuke ya kutoboa mwamba kule ndani. Watu walimwita Bilahodi, kwa sababu alizoea kuingia nyumba za watu kabla hajaitikiwa.

"Hodi, nimeshaingia," alikuwa akimwambia dada yake, mkono tayari kwenye sufuria.

"Wewe hata kaburini utaingia bila kukaribishwa."

"Kule si wanakaribisha wenyewe, dada?"

Asubuhi moja paa la mgodi likashuka. Njia kuu ikaziba, na injini ikazimwa haraka ili moshi usiwafuate waliobaki ndani. Kimya kikatanda mji mzima. Watoto wadogo, ambao hawakuwahi kukisikia, wakaanza kulia.

Walionusurika walisema wenzao wamekimbilia njia ya chini. Fundi wa baruti akaonyesha ukuta wa zamani, pembeni. "Tukiupasua huu, tunawashukia moja kwa moja. Tukisema tuchimbe kwa sururu, hewa itawaishia."

Wachimbaji wakakunja mikono. "Baruti haiwashwi. Mlima umekasirika, ubishiwe kwanza."

"Sasa hivi? Na watu wamo ndani?" Nyapara aliwatazama, akaona hawatanii. "Haya, kamwiteni yule mama wa ufagio."

Alikuja mbio na nyundo yake ndani ya kanga. "Bilahodi yumo?"

"Yumo, mama."

Akapiga magoti mbele ya ukuta, akagonga. "Hodi humu ndani. Watoto wetu wako kwako."

Kukawa kimya. Kisha kutoka ndani, mbali kidogo: ko. Ko-ko-ko. Ko-ko.

Wachimbaji wakavua kofia. "Unaitika!" akasema mzee mmoja. "Jamani, miaka yote hii!"

Mpiga hodi aliweka kiganja kwenye mwamba. Baba yake alimfundisha pigo moja. Haya yalikuwa mengi, mepesi, yenye haraka. Kumbe, aliwaza, umezibwa mdomo siku zote hizi, leo una mengi ya kusema. Machozi yakamtoka kwa furaha.

"Umesemaje?" akauliza nyapara.

"Umesema karibu."

Baruti ikawashwa.

Vumbi lilipotulia wakaingia na taa. Hawakuhitaji kushuka popote. Watu wao hawakukimbilia chini. Walikuwa pale pale nyuma ya ukuta, wamelala karibu karibu kama waliokuwa wakitega sikio. Bilahodi alikuwa wa mbele. Mkononi alishika jiwe la ukubwa wa ngumi, upande mmoja umesagika kwa kugonga.

Fundi wa baruti alilitazama lile jiwe, akaiweka taa yake chini, akatoka.

"Usijilaumu, mama," yule mzee akasema. "Tulisikia sote."

"Mlisikia," alisema. "Mimi ndiye niliyesema karibu."

Walimzika Bilahodi kesho yake. Hata udongo haujakauka, injini ikawashwa tena, vikombe vikaanza kutetemeka kabatini kama kawaida. Majirani walikuja kumpa dada yake pole, wakasimama nje ya mlango wake. Mmoja akagonga kwa vidole, ko-ko-ko.

"Hodi!"

Alikuwa ameketi sakafuni, nyundo mapajani. Alifungua kinywa. Neno likafika kwenye ulimi, likakwama hapo.

"Hodi hapa!"

Wakasubiri kidogo. Injini ilikuwa ikinguruma. Mmoja wao akasema bila shaka ameitika, ila hawajamsikia tu, wakasukuma mlango wakaingia.