Mwezi Mzuri wa Kwenda Kisiwani

Ofisini kwetu ipo kalenda ya kisiwa kile: miezi ya jua nimeibandika karatasi za kijani, miezi ya mvua nyekundu. Kazi yangu ni kukatia watu safari, na kwa miaka kumi na mmoja nimewaambia wateja lini waende na lini wakae kwao. Mama aliniamini kuliko wote.

Hamu yake ilikuwa moja, kuiona bahari ya kijani iliyo kwenye bango letu. Kila aliponiuliza nilimjibu kitaalamu: mwezi huu mvua, ule upepo, ule wageni wamejaa kama siafu. Subiri wa saba, Mama. Wa saba ukifika nina kazi nyingi, basi wa saba ujao. Naye husema haya, mwanangu, wewe ndiye mjuzi.

Njia ya mwongo ni fupi. Mwaka uleule Mama alioanza kuniuliza, nilimuuzia mwalimu mmoja na mkewe safari ya mwezi wa nne, katikati ya masika. Niliwaambia mvua ya kule ni ya nusu saa, ikikatika jua linarudi limeoga. Wakarudi na shukrani na ganda la kombe, zawadi yangu. Nikalificha kwenye droo, Mama asije akaniuliza limetoka wapi.

Kumbe macho yalikuwa yanamwishia. Dada yangu ndiye aliyemwona akipapasa meza, anatafuta kikombe kilicho mbele yake. Daktari alisema ni presha ya macho, imemla polepole kwa miaka mitatu, na kilichokwenda hakirudi. Miaka mitatu! Ningempeleka mwezi wowote mwekundu, angeona. Najichukia kwa hilo.

Jumapili nikaenda kwake, nikamtia lile ganda mkononi, nikamweleza yote, hata la yule mwalimu. Alilipapasa nje na ndani, hakuwa na haraka.

“Kwa hiyo mwezi wa nne watu huenda.”

“Huenda, Mama.”

“Basi nikatie huo. Jua la wa saba nitalionea jicho lipi? Mvua angalau nitaisikia.”

Nikasema nitakata kesho asubuhi. Akaniwekea ganda langu kiganjani, akanifumba vidole.

“Na wewe,” akauliza taratibu, kama mteja asiyetaka kusumbua, “huo mwezi utakuwa na nafasi?”