Jaribu au Futa

Kitu cha kwanza msichana alichokiona ni mshale. Tangu aanze kukaa mbele ya kompyuta ya shangazi yake, mshale ulikuwa mweupe, na ulimfuata mkono kama kifaranga. Leo ulikuwa mweusi, mnene kidogo, umesimama katikati ya kioo kitupu.

"Huo ndio mfumo mpya," alisema Injinia. Halikuwa jina lake wala cheo chake. Alikuwa mtoto wa kiume wa shangazi, fundi simu wa mtaa wa pili, na watu walianza kumwita hivyo kwa kumtania hadi akazoea kuitika. "Kizee hiki kilikuwa kinakufa kwa kubebeshwa mzigo wa vijana. Huu ni mwepesi. Tunaujaribu kutoka kwenye flashi. Tukiupenda tunauweka, tusipoupenda tunachomoa flashi, yanaisha."

"Na picha, kaka?" aliuliza msichana, kwa sauti yake ile ya kuomba samahani.

"Kujaribu hakugusi kitu."

Picha ndizo zilizomnyima raha. Ndani ya kompyuta ile mlikuwa na picha za wanafunzi wa shule ya jirani waliomaliza masomo, mmoja mmoja, kisha wote pamoja na walimu wao. Watoto walishatawanyika, kila mmoja kwao. Kadi ya kamera shangazi alishaifuta ili akapigie picha za harusi. Zikipotea humo, hazipo tena popote duniani, na studio ya shangazi, ile ya chumba kimoja na pazia, isingepata tena mwalimu wa kuiamini.

"Tena nimekuwekea Kiswahili," aliongeza Injinia, akijisikia. "Ule wimbo wako wa 'Kiingereza kimenishinda' leo basi."

Akacheka. Msichana naye akacheka, maana ndivyo alivyozoea.

Shule aliiachia darasa la pili, mama yake alipougua na wadogo zake wakakosa wa kuwabeba. Alipokuja kuishi kwa shangazi hakuna aliyemuuliza alisoma hadi wapi, naye hakuwa mtu wa kuanzisha mazungumzo. Kazi alijifunza kwa macho. Picha za pasipoti zimo kwenye kisanduku cha kona ya juu. Ukitaka kukata, ni ile alama ya mkasi. Ukitaka kuchapa, shuka hadi karibu na mwisho, vuta pumzi, bonyeza. Yakijitokeza maneno mageni alisema tu, "Hiki Kiingereza chao," na shangazi, ambaye Kiingereza kilimpitia mbali vilevile, aligonga meza kwa kicheko na kumwita mwanawe. Nyuma ya Kiingereza palikuwa na nafasi ya kutosha mtu kujificha.

Simu ya Injinia ikalia. Alisikiliza, akaguna, akachukua mfuko wake wa bisibisi.

"Narudi sasa hivi. Hiki kizee bado kinavuta pumzi. Kikimaliza kitakuuliza swali moja lenye majibu mawili, kujaribu, au kufuta kila kitu na kuweka upya. Wewe chagua kujaribu."

"Liko upande gani?"

"Utaliona. Soma tu."

"Lina rangi gani?"

Alishafika mlangoni. "Kijani. Mbona unauliza kama mteja?"

Akaenda zake.

Msichana alikaa ameshika mausi kama ameshika kikombe kilichojaa hadi ukingoni. Upande wa pili wa kaunta, dereva mmoja aliyekwisha kupigwa picha ya leseni alikuwa anasubiri ichapwe.

"Dada, hiyo mashine inafikiri au imelala?"

"Inakuja, kaka."

"Isinikute nimestaafu."

Kioo kikapepesa, na swali likaja. Chini yake palikuwa na vibao viwili, kimoja juu ya kingine, vimejaa maandishi, urefu karibu sawa. Akatafuta kijani. Hakikuwepo. Waya wa kioo kile ulikatika kwa ndani siku nyingi, na tangu hapo kila aliyetokea humo alionekana mgonjwa wa manjano, bibi harusi na mtoto mchanga sawasawa. Yeye alishazoea kutoiamini rangi yoyote hadi karatasi itoke. Sasa vibao vyote viwili vilikuwa vya rangi moja, kama uji uliochacha.

Aliyakazia macho maandishi, labda yangemhurumia. Zile herufi chache alizowahi kuzijua zilimpungia mkono kutoka huku na kule, lakini hazikukubali kushikana ziwe neno.

"Mwanangu, vipi huko?" shangazi aliita kutoka nyuma ya pazia, alikokuwa anahamisha taa.

"Bado, shangazi."

Uongo huo haukuishi sana. Shangazi alitoka akijifuta mikono, akainama juu ya bega lake, akakunja uso.

"Bado wapi? Si haya yamekuja? Na miwani nimeiacha nyumbani, jamani. Hebu nisomee."

"Tumngoje kaka."

"Huyo akifungua simu ya mtu harudi leo. Na huyu baba wa watu atalala hapa?"

"Mimi nimeshaleta shuka," alisema dereva.

"Umesikia? Nisomee, mwanangu."

"Kioo kinameta, shangazi."

"Kinameta wapi na dirisha limefungwa?" Shangazi alivuta kigoda, akaketi, akaichukua mausi mkononi mwake taratibu. "Haya, tutumie akili. Mtu haanzi na kufuta. Anaanza na kujaribu. Basi la juu ndilo."

Mshale mweusi ukaanza kupanda.

Huenda shangazi alikuwa amesema kweli. Na kama hakusema kweli, kidole kilikuwa chake, kompyuta yake, kosa lake. Hakuna ambaye angemgeukia msichana. Angenyamaza tu, kama alivyonyamaza siku zote, na kesho angeamka na siri yake mahali pake.

Lakini nyuso zile za wanafunzi alizikata yeye, moja moja, kwa alama ya mkasi. Mvulana aliyefunga shati hadi kooni kuficha fulana iliyotoboka. Msichana aliyekataa kucheka, halafu akacheka shangazi alipokiangusha kifuniko cha lenzi. Mapacha waliogombania kiti.

Mshale ukatua juu ya kibao cha juu. Kidole cha shangazi kikainuka.

Msichana akaufunika mkono wa shangazi kwa mkono wake, akaubana mezani.

"Nini tena?" Shangazi aligeuka. "Mkono wako baridi hivi, unaumwa? Sema basi, lipi?"

Dereva naye alikuwa anatazama. Msichana akasema, na sauti haikuwa ile ya kuomba samahani.

"Sijui kusoma, shangazi. Hata Kiswahili. Sijawahi kujua."