Mnadi Aliyefunga Mdomo

Mnadi wa mitumba alikuwa na sauti ya kusikika mtaa wa tatu, na mkewe kila siku alimwomba aupumzishe huo mdomo. Basi ulipopumzika kweli, nyumba ikapooza. Zilianza kope kuanguka, wateja wakanong'onezana kwamba jamaa kaanza kulewa. Kisha kutafuna kukamshinda, maji yakawa yanamrudia puani, na sauti ikafifia kabisa.

Daktari alimweleza mke kwamba askari wa kinga ya mwili wamemgeuka mwenyewe, wanamdhoofisha misuli, na wamejaa kwenye majimaji ya damu. Mashine ingeivuta damu, iyatenge majimaji yale, imrudishie chembe zake pamoja na majimaji mengine safi. Wakichelewa, hata kupumua kungemshinda.

Mke alipouona mfuko unajaa maji ya manjano, aliuliza kama ndio uhai wa mzee unaomwagwa. Muuguzi akacheka, akamwambia, mama, hayo ndiyo yaliyomfunga mumeo mdomo, yaache yaende zake.

Mnadi naye, midomo ilimtambaa kama ina sisimizi, ganzi ikashuka vidoleni. Akajikausha. Aliogopa akilalamika watachomoa mipira ya mashine na kumrudisha nyumbani bubu. Akavumilia mpaka vidole vikakakamaa, na muuguzi akaviona.

"Tangu lini, baba?"

Akanong'ona: tangu mwanzo.

"Dawa ya kuzuia damu isigande inashusha kalsiamu. Napunguza kasi, nakuongezea, tunaendelea. Hakuna wa kukutoa hapa. Ila ukininyamazia tena, nitakununia."

Chozi lilimtoka mnadi, la kutua mzigo.

Walimchuja tena na tena. Siku moja maji yalishuka kooni bila ugomvi, na baadaye sauti ikaja, ya kukwaruza. Daktari alionya kwamba ugonjwa haujaondoka, umepigwa breki tu, na vidonge ataendelea kumeza. Mnadi akashukuru hata kwa breki. Alimshukuru muuguzi, akamshukuru mfagizi, akawashukuru watu asiowajua waliojitolea damu yao, yakatolewa humo majimaji aliyowekewa.

"Sasa wewe, mke wangu," akasema, "kaa nikushukuru vizuri."

Akaanza na uji aliolishwa kijiko kwa kijiko, akaja kwenye shingo ya mkewe iliyoumia kwa kulalia kiti cha mbao kando ya kitanda. Hakuwa amefika hata nusu, mkewe akasinzia, kichwa ukingoni mwa godoro.

Mnadi akateremsha sauti, akaendelea kumshukuru.