Chumba cha Mchana

Kwanza niseme, na asiyetaka kuamini shauri yake: mwanamume huyu hakuwa na hawara. Mtaa mzima ulishamtafutia mmoja, wengine wakamchagulia hata rangi ya gauni, lakini hakuwa naye. Alichokuwa nacho ni kompyuta, hedifoni, mke mmoja, na mama.

Mtaani walimwita Profesa kwa sababu ya miwani tu. Kazi yake ilikuwa kupokea simu za wateja wa kampuni moja ya bima ya mbali huko, akiwa amekaa nyumbani kwake. Kazi ya kivulini, tena ya heshima. Ila ilikuwa na sharti: anapozungumza na mteja, isisikike sauti nyingine yoyote. Na kila simu inarekodiwa.

Sasa hebu mwambie mama yake hayo! Bibi huyu alihamia kwa mwanawe baada ya kufiwa na mumewe, na ukimya wa ile nyumba aliyoiacha ulikuwa umemtisha kuliko mauti yenyewe. Kwa hiyo aliongea. Aliongea na masufuria, akabishana na redio, na zaidi ya yote aliongea na kitinda mimba wake, maana mtu anayeshinda kwenye kiti nyumbani kwake ana kazi gani huyo? "Baba, njoo unifungulie kopo." "Baba, unamkumbuka yule mbuzi wetu mwenye pembe moja?" Siku moja aliingia katikati ya simu, akasogeza mdomo hadi kwenye kompyuta. "Hujambo, mwanangu? Hamjambo huko? Msimchoshe huyu, hajala tangu asubuhi." Mteja alicheka hadi akakohoa. Msimamizi hakucheka. Ikaja barua ya onyo la pili, na humo imeandikwa kwamba la tatu ndilo la mwisho.

Jioni ile mume na mke walijifungia chumbani wakinong'ona kama wezi. Mke alikuwa mwalimu wa chekechea, hutoka asubuhi na kurudi mchana.

"Mwambie ukweli," alisema mke.

"Nimwambie nini? Kwamba sauti yake inatukatia riziki? Atanyamaza siku moja, ya pili atafunga mizigo yake. Arudi kwenye lile jumba tupu? Si atakufa mle!"

Hapo ndipo lilipozaliwa wazo la gesti.

Gesti ilikuwa mtaa wa pili, na vyumba vyake vilikodishwa hata kwa mchana tu. Wanaokodi chumba mchana kila mtu anajua wanakodia nini, mimi simo. Profesa akapewa namba sita: kitanda kikubwa kuliko chumba, kijimeza cha kuwekea soda, na feni inayolalamika.

"Mgeni wako anafika saa ngapi?" aliuliza dada wa mapokezi.

"Sina mgeni. Nafanya kazi."

"Ehee, kazi. Hata wa namba nne anafanya kazi. Poleni na kazi." Akampa taulo mbili, na jicho akamkonyeza.

Kwa mama aliaga kwamba siku hizi anakwenda ofisini. Mama alifurahi huyo! Kila asubuhi alimfuta vumbi mabegani, akamwombea dua mlangoni, kisha akabaki peke yake na masufuria yake. Kule namba sita kazi ilikwenda vizuri mno, hata msimamizi akamsifu kwa maandishi. Lakini kati ya simu moja na nyingine Profesa aliutazama ukuta akajiona mtu mbaya. Alikuwa analipia kutomsikia mama yake mzazi. Aibu ilimla, akala nayo.

Na mtaa hauna siri. Muuza nyanya wa pale kona alimwona akiingia gesti. Siku ya kwanza akasema labda, siku ya nne akasema kumbe! Akaenda kumpasulia shoga yake, yaani mama. Mama alimjia juu, akamwambia akome, mwanawe hana tabia hizo. Wakanuniana. Ila neno likishaingia sikioni halitoki, na Alhamisi mama akamfuata mwanawe kwa nyuma.

Profesa alikuwa na mteja aliyeunguliwa na nyumba, analia, mlango ulipoanza kupigwa.

"Fungua! Fungua kabla sijauvunja! Na huyo malaya wako asikie!"

Ilirekodiwa yote, neno kwa neno. Akaomba radhi kwa mteja, akakata simu, akafungua.

Mama hakumtazama. Alifunua shuka, akainama chini ya kitanda huku goti likimlia, akavuta pazia, akaingia bafuni. Alitoka ameshika taulo mbili.

"Hii yako. Na hii ya nani?" Akazitupa kitandani, jicho likatua kijimezani. "Na kompyuta ya kazi umemletea! Mnatazamia sinema!"

Kicheko kilimpanda Profesa, kikafia kooni, kwa sababu mama alikuwa ameanza kulia.

"Nimekosana na watu kwa ajili yako. Nimesema mbele ya kadamnasi, mwanangu anakwenda kazini, namwona mwenyewe anavyochomekea shati!"

Ukweli ulikuwa kwenye ncha ya ulimi wa Profesa. Lakini alipotazama chini aliona mama amevaa viatu vya mkewe kwa ile haraka, visigino viko nje, miguu imevimba. Akaumeza.

"Ameshaondoka, mama," alisema. "Nisamehe."

Jamani! Watu hukana waliyoyafanya, huyu akakiri asilolifanya.

Walirudi nyumbani mama akiwa mbele. Mke ndiyo kwanza alikuwa amerudi kutoka shuleni. Mama akaenda moja kwa moja akapiga magoti mbele yake.

"Mwanangu, nisamehe mimi. Nilimzaa, nikamdekeza. Ana mwanamke gesti, nimeona kwa macho yangu. Ukitaka kuondoka sikuzuii, nitakubebea mimi sanduku."

Mke akamtazama mumewe. Mume akamfanyia ishara ya kichwa: kubali, lia kidogo, yapite. Mke akajaribu kweli, akajifunika uso. Lakini mama mzima yuko sakafuni, kichwa magotini pake! Akashindwa.

"Inuka, mama. Hakuna mwanamke."

"Usimfichie."

"Hakuna. Kile chumba nakijua. Tulikubaliana wote akikodi."

"Mlikubaliana? Chumba cha nini, na nyumba mnayo?"

Mke akainamisha kichwa. Ikabidi Profesa aseme.

"Nafanya kazi kule, mama. Zile simu... zinataka kimya."

Mama alibaki pale pale kwenye magoti. Alikitazama kiti cha mwanawe, akaitazama stuli aliyokuwa akikaa pembeni yake, asubuhi zote zile. Profesa akamwendea amwinue, mama akausogeza mkono wake pembeni, taratibu.

"Mwanamke ningemfukuza, baba," alisema, kwa sauti ndogo ambayo hawakuwahi kuisikia kwake. "Hata kwa fimbo ningemfukuza. Sasa mimi, nijifukuze vipi?"