Maboga ya Wifi

Jua lilimkuta mfagiaji wa zahanati ameshainama shambani nyuma ya nyumba, akiyanywesha mahindi yake maji ya kusuuzia nguo, shina kwa shina. Yalisimama kwa mistari iliyonyooka, na udongo kati yake ulikuwa safi kama sakafu ya zahanati. Lakini yalikuwa ya njano, na maji yalizama kwenye nyufa kabla hajainua kopo.

Ng'ambo ya kamba ya mpaka lilikuwa shamba la wifi yake, dada wa mumewe, aliyerudi baada ya kufiwa na mume na kupewa chumba cha uani. Huko hapakuwa na mistari. Wifi alifukia mahindi, maharage na maboga pamoja kwenye vituta vya mviringo. Sasa mahindi yalimpita mtu kimo, maharage yamejisokota kwenye mabua, na majani ya maboga, mapana kama sinia, yamefunika ardhi hata magugu yakakosa pa kuchomoza. Chini yake udongo ulikuwa mweusi na mbichi. Mfagiaji alijua, maana siku moja wifi akiwa sokoni alipenyeza mkono akaugusa.

Angeiga, lakini alishawatangazia majirani kwamba lile si shamba, ni pori. Angeanzia wapi kuyameza maneno yake?

Kwenye chai mumewe, fundi baiskeli, alitafuna boga la kuchemsha huku akitikisa kichwa.

"Unga umepanda tena. Tusingekuwa na dada, tungekula nini?"

"Tungekula mahindi yangu."

"Yapi?" aliuliza mume, akachungulia mlangoni kuyatafuta. Hakuwa na nia mbaya, na hilo ndilo lililomuuma zaidi mkewe.

Akaenda kazini. Alikuwa akipiga deki ukumbini, katikati ya kinamama waliopakata watoto wenye homa, alipoingia bwana afya wa manispaa, yule watu wanayemwita Kofia. Aliuruka mtaro wa zahanati, ulioziba tangu mvua za mwanzo na kujaa viluwiluwi vya mbu, akajifuta viatu mlangoni.

"Wakubwa wanataka kuona tunapambana na mbu," alisema. "Mama, huko kwenu hakuna vichaka?"

Angeweza kumwonyesha mtaro. Fagio la deki lilikuwa mkononi, angenyoosha tu mpini.

"Kipo kimoja," alisema. "Nyuma ya nyumba yetu. Cha wifi yangu."

Akamwelekeza njia. Alidhani maboga yatapunguzwa majani, wifi atakemewa mbele za watu, basi. Kwa muda akajisikia mwepesi, hata akapiga deki huku akiimba kichinichini. Kufikia mchana uimbaji ulikuwa umekatika wenyewe. Aliomba ruhusa, akarudi nyumbani mbiombio.

Gari la manispaa lilikuwa limeshaegeshwa. Vibarua wenye mapanga walikuwa wamemaliza upande wa wifi, na mabua yalilala juu ya maboga yaliyopasuka. Wifi alisimama mlangoni kwake, mikono kifuani.

"Sheria ya mji," Kofia alisema. "Zao linalozidi magoti haliruhusiwi kwenye makazi."

Kibarua mmoja akaruka kamba.

"Hilo ni langu!" mfagiaji alisema.

Kofia akausogeza mguu wake kando ya bua la njano, akapima. "Nalo limezidi, mama. Kidogo, lakini limezidi." Panga likashuka. Kisha, kwa upole kabisa, akaongeza, "Hata hivyo tunakushukuru kwa taarifa. Wote wangekuwa kama wewe, kazi yetu ingekuwa nyepesi."

Wifi akageuza shingo taratibu, akamtazama mfagiaji.

Vibarua walikuwa wakijaza mahindi mabichi ya wifi kwenye gunia. Mfagiaji akalidaka.

"Hili linabaki. Mbu gani anakaa kwenye gunia?"

"Ushahidi," alisema Kofia.

"Ushahidi wa kuchoma na chumvi?"

Wale vibarua wakacheka. Akavutana nao mpaka kucha ikakatika, lakini walikuwa watatu. Gunia likapanda gari, gari likaondoka.

Wifi alikuwa ameshapiga magoti, akichuma maharage kwenye mabua yaliyolala. Mfagiaji akachutama karibu yake, hakuthubutu kugusa kitu.

"Ungeniomba mbegu," wifi alisema. "Ningekupa."

"Sikutaka mbegu. Nilitaka yako yafe."

Wifi akaacha kuchuma. "Haya," alisema, "yamekufa." Akachukua bakuli lake, akaingia ndani, akafunga mlango.

Fundi alirudi jioni akisukuma baiskeli ya mteja. Aliiegemeza ukutani, akazunguka nyuma, akasimama pale akitazama kana kwamba amepotea nyumba.

"Nani amefanya hivi?"

Mkewe alifungua kinywa. Kabla neno halijatoka, sauti ya wifi ilisikika kutoka chumba cha uani.

"Manispaa, kaka. Wamekuja na sheria yao."

Mume akaanza kuilaani manispaa, na hakukosea. Mkewe akakifunga kinywa. Akautazama ule mlango uliofungwa, akaona kwamba hata moyo ule, wa kumsitiri mtu aliyekumaliza, yeye hakuwa nao. Na hilo nalo akamwonea wivu.